Biashara Isiyo na Jipya: Mwongozo wa Kupata Hoja za Taarifa kwa Vyombo vya Habari

Mwenye gereji mmoja wa Sakina, Arusha, aliniambia huku akifuta mikono kwa tambara kwamba angependa sana gereji yake iandikwe gazetini, ila hana cha kuandikiwa. Hajafungua tawi, hajanunua mashine mpya, hajapewa tuzo na mtu yeyote. "Kaka, sisi hapa ni magari tu, kila siku magari," alisema. Wakati anasema hayo uani kwake palikuwa na magari saba, na matano kati ya hayo yalikuwa yameinuliwa kwa jeki yakibadilishwa shokapu na bushi. Ilikuwa mwishoni mwa Mei na masika yalikuwa yanaelekea ukingoni. Nilipomuuliza kama hali huwa hivyo kila mwaka, alicheka akaniambia nisubiri nione Juni. Habari alikuwa nayo uani, na kila asubuhi aliizunguka ili afike ofisini.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya watu kama yeye: wenye maduka, karakana, nyumba za wageni, viwanda vidogo na ofisi za utalii za Arusha na Moshi ambao wangependa kutuma taarifa kwa vyombo vya habari lakini wanaamini kwamba mwaka umepita bila jambo la kusemwa. Nimeziandika taarifa za namna hiyo kwa miaka kadhaa, na kabla ya hapo nilikuwa upande wa pili wa meza, nikizipokea na nyingi nikiziweka kando kabla sijamaliza aya ya kwanza. Kutokana na pande hizo mbili nina hoja moja tu: biashara inayodai haina habari huwa inajitazama yenyewe, ilhali habari imo katika yale inayoyaona kwa kuwa iko pale ilipo, ambayo mtu mwingine hana namna ya kuyaona.

Hatua ya kwanza: Badilisha swali

Mwenye biashara huanza kwa kujiuliza, "Tuna jambo gani jipya la kutangaza?" Swali hilo ni la tangazo, na tangazo lina dawati lake na bei yake. Mhariri hujiuliza jambo jingine kabisa, yaani kwa nini msomaji ambaye hatanunua kwako maisha yake yote apoteze dakika mbili kusoma habari hii. Duka la Mbuyuni linapotangaza kwamba limepokea mzigo mpya wa vyombo, jambo hilo linawahusu wateja wa duka hilo tu. Likieleza kwamba akina mama wengi siku hizi wananunua sufuria moja moja badala ya seti nzima, na likaonyesha tangu lini, jambo hilo linamgusa kila mwenye jiko.

Kipimo ninachokitumia ni cha daladala. Fikiria umekaa kwenye daladala ya kwenda Ngaramtoni au Himo, na aliye pembeni yako hakujui wala hajui unafanya kazi gani. Je, ukimsimulia jambo hilo kwa sentensi moja, atageuka akuulize swali? Akiitikia "aa, sawa" na kurudi kwenye simu yake, hoja hiyo bado haijaiva.

Historia yenyewe ya kazi hii inalithibitisha jambo hilo. Taarifa ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya aina yake haikutangaza bidhaa wala mafanikio. Tarehe 28 Oktoba 1906, treni ya kampuni ya Pennsylvania Railroad iliacha reli na kutumbukia majini karibu na Atlantic City, Marekani, na watu zaidi ya 50 walikufa. Mshauri wa kampuni hiyo, Ivy Lee, aliishawishi iwape waandishi maelezo ya maandishi na kuwapeleka eneo la ajali, jambo ambalo kampuni za reli za wakati huo hazikuzoea kulifanya. Magazeti yaliyatumia maelezo hayo kwa sababu yalikuwa na mambo ambayo mwandishi asingeyapata kwa kusimama nje ya geti. Ukiondoa ajali na huzuni yake, kanuni iliyobaki ndiyo ile ile inayomfaa fundi wa Sakina: toa kile ambacho wewe pekee unakijua.

Hatua ya pili: Fungua daftari

Hatua hii ndiyo yenye mavuno makubwa kuliko nyingine zote, na ndiyo inayorukwa zaidi, pengine kwa sababu inahitaji mchana mzima wa kukaa kimya na karatasi. Chukua daftari la mauzo, vitabu vya risiti, ripoti za mashine ya EFD, daftari la wageni, orodha ya oda, chochote ulicho nacho cha miezi kumi na miwili au zaidi, kisha tafuta mambo manne: nini kimeongezeka, nini kimepungua, nini kimehama kutoka mwezi mmoja kwenda mwingine, na nini kinachotokea mara nyingi kuliko ulivyodhani.

Katika gereji, hesabu magari yaliyobadilishwa shokapu Januari na Februari, halafu hesabu yaliyofanyiwa kazi hiyo hiyo Mei na Juni. Tofauti ikiwa kubwa, hiyo ni habari kuhusu barabara, kuhusu masika na kuhusu gharama ambayo mwenye gari anapaswa kuijumuisha kwenye bajeti yake. Ukiweza kuonyesha pia kwamba wengi wanatokea njia fulani ya vumbi, mwandishi atakuja mwenyewe kuipiga picha njia hiyo, na hapo gereji yako imekuwa shahidi wa jambo la mji mzima.

Fundi cherehani anayeshona sare za shule ana daftari ambalo wachumi wangelionea wivu. Anajua ni wazazi wangapi hulipa kwa mkupuo na wangapi kwa awamu, ni wiki gani ya Januari wengi hufika, na ni wangapi huleta sare ya kaka ipunguzwe imtoshe mdogo wake. Mwaka ambao kazi ya kupunguza sare imezidi kazi ya kushona mpya, kuna jambo limetokea katika mifuko ya watu, na fundi amelijua kabla halijaandikwa popote.

Kwa Moshi, anayekodisha vifaa vya kupandia mlima ana utajiri wa aina hiyo hiyo. Wageni wanaoelekea kilele cha mita 5,895 hufika na mabegi makubwa, na bado kuna kitu wamesahau au wamebeba kisichofaa. Daftari la kukodisha linasema ni kitu gani hasa: koti la mvua, glavu, mfuko wa kulalia usiohimili baridi ya usiku wa mwisho. "Vitu vitano ambavyo wapanda mlima hufika Moshi bila kuwa navyo, kwa mujibu wa daftari la mwaka mzima" ni kichwa cha habari ambacho ukurasa wa utalii hauwezi kukikataa kirahisi, na hakuna aliyelazimika kufungua tawi ili kipatikane.

Kuna masharti ya kuheshimu unaposhika tarakimu, na kwa hili sina mzaha. Linganisha vipindi vinavyofanana: masika kwa masika, Desemba kwa Desemba. Sema wazi ulihesabu nini, wapi na kwa muda gani. Usipandishe tarakimu ya duka lako iwe ya mkoa, kwa maana mauzo yako hayawakilishi Arusha nzima. Andika "katika gereji yetu" na uishie hapo, na utashangaa kuona kwamba wahariri wanakuamini zaidi kwa unyenyekevu huo. Ikiwa idadi ni ndogo, itaje ilivyo, kwa sababu kusema "imeongezeka kwa asilimia 100" wakati magari yametoka mawili kuwa manne ni ujanja ambao mwandishi makini huugundua kwa swali moja tu. Majina ya wateja, namba zao na magonjwa yao, ikiwa wewe una duka la dawa, havitoki dukani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu na wafanyabiashara wadogo, na hata pasingekuwa na sheria, hakuna mteja anayetaka kujiona kwenye gazeti bila kuombwa ruhusa.

Hatua ya tatu: Waulize wanaosimama mlangoni

Mwenye biashara hukaa ofisini. Maswali ya wateja humfikia muuzaji, mlinzi, mpokea wageni na dereva. Kwa wiki mbili waombe waandike kila swali wanaloulizwa, kwa maneno ya mteja mwenyewe, bila kulisahihisha. Swali linalojirudia kila wiki ni hoja ya taarifa, kwa sababu kama watu kumi wameuliza kwako, wapo mamia ambao hawakupata wa kumuuliza.

Mfano ninaoupenda ni wa muuza majiko. Juni na Julai Arusha huwa na baridi, na kila mwaka kuna wateja wanaouliza kama jiko la mkaa linaweza kulala chumbani ili lipashe joto. Jibu ni hapana, na sababu yake haijulikani vya kutosha: mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumuua mtu akiwa usingizini. Muuza majiko anayetuma taarifa mwanzoni mwa Juni akieleza jambo hilo kwa lugha nyepesi, dalili za kuziangalia zikiwa ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, atasomwa redioni asubuhi bila kumwomba mtu. Hajataja bei ya jiko lake hata mara moja, na hapaswi kuitaja.

Vivyo hivyo muuza matangi ya maji anaulizwa tangi lisafishwe mara ngapi. Fundi wa sola anaulizwa kwa nini betri imekufa ndani ya mwaka mmoja. Mwenye kiwanda kidogo cha kukaanga kahawa Moshi anaulizwa kwa nini robo kilo ina bei hiyo ilhali mibuni imejaa Kibosho na Machame. Swali hilo la mwisho lina jibu zuri. Huhitajika takriban kilo 6 za kahawa mbivu kutoka shambani ili kupata kilo 1 ya kahawa safi, na kahawa hiyo hupoteza sehemu nyingine ya uzito wake ikikaangwa. Wakazi wengi wa mjini, hata waliozaliwa kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga, hawajawahi kuelezwa hesabu hiyo.

Hadhari moja: ushauri wa afya, sheria au umeme utolewe na mtu mwenye sifa za kuutoa. Kama wewe si mtaalamu, mtafute mmoja akubali kunukuliwa, na taarifa itapata uzito zaidi.

Hatua ya nne: Tengeneza kalenda ya hapa kwetu

Wengi wakisikia kalenda hukimbilia siku za kimataifa, wakatuma salamu. "Tunawatakia wanawake wote heri ya Siku ya Wanawake" si habari, hata ikipambwa kwa nembo. Siku hiyo ya 8 Machi inafaa tu ikiwa una jambo la kuisindikiza, kwa mfano kwamba mafundi wako watatu wa kuchomelea ni wanawake na wako tayari kueleza walivyoingia katika kazi hiyo. Siku ya Kimataifa ya Haki za Mtumiaji, 15 Machi, ni nzuri kwa anayeweza kuonyesha namna ya kutambua bidhaa bandia. Tarehe 1 Oktoba, siku ya kahawa duniani, hufika huku uvunaji ukiendelea mlimani, kwa hiyo mwenye hesabu ile ya kilo 6 asiiache ipite.

Kalenda yenye nguvu zaidi, hata hivyo, ni ile ya maisha ya Kaskazini yenyewe. Januari ni ya ada na sare. Mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi Moshi hufurika wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon, na siku hizo mwenye nyumba ya wageni, muuza viatu, mpika chapati na mwenye bajaji kila mmoja ana la kusimulia kuhusu mji unavyogeuka kwa siku tatu. Machi hadi Mei ni masika, msimu ambao ofisi nyingi za utalii hunyamaza. Kwa maoni yangu huo ndio wakati wao bora wa kusema, kwa sababu ni wakati wa kukarabati magari, kuwafundisha wapishi na kuwapeleka waongoza watalii kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, na waandishi wa utalii nao huwa hawana cha kuandika. Juni huleta maonyesho ya Karibu-KiliFair na mwanzo wa msimu mkubwa wa wageni. Mwanzoni mwa Agosti viwanja vya Themi jijini Arusha hujaa kwa Nanenane ya Kanda ya Kaskazini, inayofikia kilele tarehe 8. Septemba kuna mtihani wa darasa la saba, Novemba wa kidato cha nne.

Kisha inakuja Desemba, ambayo Moshi ni msimu kamili kuliko misimu yote. Wachaga wanarudi nyumbani. Barabara ya kutoka Dar es Salaam hujaa magari, mabucha ya Marangu na Rombo huchinja kuliko mwezi wowote, mafundi ujenzi huitwa kumalizia nyumba za kihambani kabla wenyewe hawajafika, na gereji za Boma Ng'ombe na Himo hupokea magari yaliyochemka njiani. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayeweza kuonyesha ni wiki gani ya Novemba rangi na vigae huanza kukimbia ana hoja ambayo gazeti la Dar es Salaam litaipenda pia, kwa kuwa wasomaji wake ndio wanaotuma fedha hizo.

Ukishaiandika kalenda, rudi nyuma kwa kila tarehe. Gazeti linalotaka kuandika makala huhitaji wiki mbili au tatu. Habari fupi inaweza kutumwa siku nne au tano kabla. Redio inaweza kukupokea jana yake. Usitume siku yenyewe ya kilele, kwa sababu siku hiyo nafasi zote zimechukuliwa na hotuba za viongozi.

Hatua ya tano: Ijibu habari iliyokwisha kuwapo

Zipo habari ambazo magazeti yataziandika iwe isiwe, na yatahitaji mtu wa kuzieleza kutoka mtaani. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Mmiliki wa magari mawili ya mizigo yanayokwenda Tanga, akiwa na hesabu ya lita kwa safari na gharama yake kwa gunia moja, anaweza kumpa mwandishi aya tatu zenye maana kabla ya saa sita mchana. Bajeti ya Serikali husomwa Dodoma katikati ya Juni na mwaka mpya wa fedha huanza 1 Julai. Mwenye duka aliyekaa na mhasibu wake usiku ule ule na kueleza badiliko moja tu la kodi lina maana gani kwa bidhaa moja anayouza, atapigiwa simu. Arusha inajengewa uwanja wa mpira kwa ajili ya AFCON 2027, mashindano ambayo Tanzania itayaandaa pamoja na Kenya na Uganda, na kuanzia sasa hadi hapo kila mwenye vyumba, jiko au gari la abiria ana maswali ya kujibu kuhusu maandalizi yake.

Mipaka ipo. Msiba, ajali na mafuriko si mahali pa kujipenyeza. Kama una magodoro ya kutoa, yatoe; mwandishi akiyaona ataandika, asipoyaona basi.

Hatua ya sita: Watu, umri wa biashara, na matukio ya kubuni

Kutimiza miaka kumi si habari kwa mtu asiyekula keki. Kinachoweza kuwa habari ni kile kilichobadilika katika miaka hiyo: seremala aliyeanza na mninga akaishia na mbao za kiwandani, au mpiga picha wa pasipoti anayekumbuka foleni za kusafishiwa picha. Mtafute mfanyakazi aliyekaa muda mrefu kuliko wote, kaa naye nusu saa, mwache azungumze. Akikubali kwa hiari yake, yeye ndiye taarifa, nawe umebaki kuwa mahali alipofanyia kazi.

Unaweza pia kutengeneza tukio dogo lenye faida halisi: fundi baiskeli kukagua breki za wanafunzi bure Jumamosi moja, duka la miwani kuwapima madereva wa bodaboda macho. Lakini kuna tukio moja ambalo ningeomba lipumzike, nalo ni lile la kupeleka sukari na sabuni kituo cha watoto yatima na kupanga watoto mstari ili wapigwe picha na maboksi. Wahariri wamechoka nalo na watoto hawakuulizwa. Msaada upelekwe kimya kimya.

Hatua ya saba: Chekecha, kisha andika

Kufikia hapa utakuwa na hoja kumi au zaidi, na si zote zitakazopona. Ondoa ile usiyoweza kuithibitisha kwa karatasi. Ondoa inayomdhalilisha mteja au kumchongea mshindani. Ondoa isiyojibu swali la "kwa nini sasa?" au iweke kiporo hadi mwezi wake ufike. Zikibaki tatu kwa mwaka mzima, una bahati kuliko ofisi nyingi zenye idara ya mawasiliano.

Uandishi wenyewe hauna siri kubwa. Ukurasa mmoja, maneno kati ya 300 na 400, Kiswahili kwa vyombo vya Kiswahili na Kiingereza kwa vile vya Kiingereza. Aya ya kwanza ibebe nani, nini, wapi, lini na kwa nini. Aya ya pili ieleze tarakimu zilivyopatikana. Ya tatu iwe nukuu inayosikika kama mtu anayezungumza. Ya nne impe msomaji cha kufanya. Ya mwisho iseme biashara yako ni nini kwa sentensi mbili. Kwa gereji ya Sakina, mwanzo ungekuwa hivi, nami nimeacha nafasi za tarakimu wazi makusudi, kwa sababu tarakimu hujazwa kutoka daftarini na si kutoka kichwani:

"ARUSHA, 3 Juni. Magari ___ yamebadilishwa shokapu katika gereji moja ya Sakina jijini Arusha katika mwezi wa Mei, yakilinganishwa na magari ___ katika mwezi wa Februari, kabla ya mvua za masika kuanza. Kwa mujibu wa vitabu vya kazi vya gereji hiyo, magari ___ kati ya yale ya Mei ni daladala na teksi, na wastani wa gharama kwa gari moja ulikuwa Sh ___. 'Mwenye gari huja akidhani ni tairi. Tukiinua, tunakuta bushi zimekwisha na shokapu inavuja mafuta,' alisema fundi mkuu wa gereji hiyo, akiwashauri madereva kusikiliza mlio wa kugonga chini ya gari wanapopita kwenye matuta."

Jina la gereji litakuja katika aya ya mwisho, pamoja na namba ya simu inayopokelewa. Sifa kama "inayoongoza", "bora kabisa" na "ya kisasa" zifutwe zote. Mhariri atazifuta hata hivyo, na kila anapofuta neno moja hupungukiwa na imani kidogo na maneno yaliyobaki. Ambatisha picha mbili zenye mwanga mzuri, moja ya kazi na moja ya mtu, na maelezo yake chini. Picha ya jengo na bango lake haina kazi.

Hatua ya nane: Peleka kwa mtu

Taarifa inayotumwa kwa anwani ya jumla ya gazeti huko Dar es Salaam huishia katika rundo. Arusha na Moshi zina waandishi wake, wanaoandikia Mwananchi, Nipashe, HabariLeo na mengineyo, na zina redio zake zenye vipindi vya asubuhi vinavyotafuta mgeni wa kuhojiwa kila siku. Anza na Arusha Press Club, au kwa Moshi MECKI, chama cha waandishi wa habari wa mkoa wa Kilimanjaro. Uliza nani huandika biashara, nani utalii, nani kilimo. Soma kazi zao kwa wiki moja kabla hujamwandikia yeyote. Kisha mtumie mmoja mmoja, kwa jina, maandishi yakiwa ndani ya ujumbe wenyewe na si katika faili linalokataa kufunguka kwenye simu. Asubuhi kabla ya saa nne panafaa. Jioni mwandishi anakimbizana na muda wa mwisho wa kupeleka habari.

Kuhusu bahasha, nitasema ninavyoona. Ukimwita mwandishi Usa River au Marangu na ukakubaliana naye waziwazi kuhusu nauli, hilo ni jambo moja. Kumpa fedha ili habari itoke ni jambo jingine, na anayeipokea leo ataitaka kila mara, wakati hoja nzuri ilikuwa itoke bure. Anayetaka uhakika wa nafasi aende dawati la matangazo alipie, apewe risiti.

Piga simu mara moja tu, siku inayofuata, na usiulize "Mtatoa lini?" Uliza kama kuna kinachopungua. Akisema haifai, muulize sababu, uiandike kwenye kalenda yako pembeni ya hoja hiyo. Akisema anakuja, muweke tayari fundi aliyehesabu magari yale, daftari liwe mezani likiwa limefunguliwa kwenye ukurasa wa Mei, na kama anatoka redioni, zima grainda kwa muda na umtafutie chumba ambacho kelele za barabara hazifiki.